Namna ya Kuandaa Maoni Kuhusu Urefu wa Muhula wa Viongozi wa Serikali za Mitaa

Mjadala kuhusu muda wa uongozi katika serikali za mitaa huibuka kila uchaguzi unapokaribia au kila sheria zinapofunguliwa kwa ajili ya marekebisho, na karibu kila mara huanza na idadi. Mmoja husema miaka mitano ni mingi mno kwa mwenyekiti asiyefanya kazi, mwingine husema ni michache kwa mwenyekiti anayefanya kazi, na wa tatu huuliza kwa nini isiwe saba. Idadi inayotajwa kabla ya sababu haimsaidii mtunga sheria, kwa kuwa hawezi kujua mtoa maoni amekasirishwa na mtu fulani au ameupima utaratibu wenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wananchi, asasi za kiraia na madiwani wanaotaka kuwasilisha maoni yatakayosomwa hadi mwisho. Mfano mkuu ni Tanzania Bara, na nchi nyingine zitatajwa pale tu uzoefu wake unapotoa jibu la swali lililopo mezani.

Hatua ya kwanza ni kutaja cheo kinachozungumziwa. Neno "kiongozi wa serikali ya mtaa" hubeba watu ambao kazi zao hazilingani hata kidogo. Yupo mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hana bajeti yake bali ni sehemu ya serikali ya kijiji. Yupo mwenyekiti wa kijiji, ambaye anaongoza halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25 na mamlaka juu ya ardhi ya kijiji. Yupo mwenyekiti wa mtaa mjini, ambaye wakazi wengi humjua kwa barua ya utambulisho na usuluhishi wa migogoro ya majirani. Juu yao yupo diwani wa kata, anayepitisha bajeti ya halmashauri, kisha mwenyekiti wa halmashauri au meya, ambaye huchaguliwa na madiwani wenzake kutoka miongoni mwao. Mtendaji wa kijiji, wa mtaa au wa kata hamo katika hesabu hii kwa sababu ni mtumishi wa kuajiriwa, ingawa malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa mwenyekiti huwa yanamhusu yeye. Kwa upande wa Zanzibar, sheha, yaani kiongozi wa shehia, huteuliwa na hapigiwi kura, kwa hiyo maoni kuhusu muhula wake ni maoni kuhusu uteuzi na yanahitaji andiko la peke yake.

Sheria yenyewe tayari inakubali kwamba vyeo tofauti vinaweza kuwa na muda tofauti. Viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa pamoja na madiwani huchaguliwa kwa miaka mitano, lakini makamu mwenyekiti wa halmashauri na naibu meya huchaguliwa kila mwaka, na mwaka ukiisha wanaweza kuomba tena. Mtu akikuambia kwamba haiwezekani kuwa na mihula isiyolingana ndani ya mamlaka moja, mwonyeshe kifungu hicho.

Hatua ya pili ni kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya katika sentensi moja. La kwanza ni urefu wa muhula, yaani miaka kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. La pili ni ukomo wa mihula, yaani mara ngapi mtu yule yule anaweza kuchaguliwa. La tatu ni utaratibu wa kumwondoa kiongozi kabla muda wake haujaisha. Mwananchi anayelalamika kwamba mwenyekiti wake amekaa miaka ishirini halalamikii urefu wa muhula, kwa sababu hata muhula ungekuwa wa miaka miwili mwenyekiti huyo angeweza kuwa amechaguliwa mara kumi. Anayelalamika kwamba mwenyekiti aliyeshindwa kazi ndani ya mwaka wa kwanza bado ana miaka minne mbele hahitaji muhula mfupi, bali anahitaji njia ya kumwajibisha katikati. Kabla ya kuandika chochote, chukua malalamiko yote yaliyokusanywa kwenye kikao na uyagawe katika mafungu hayo matatu. Fungu la kwanza mara nyingi hubaki na machache kuliko ilivyotarajiwa.

Pima muhula kwa kalenda ya kazi

Hii ndiyo sehemu yenye uzito kuliko nyingine zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Swali la kujiuliza ni hili: inachukua muda gani tangu kiongozi aapishwe hadi mpiga kura aweze kuona matokeo ya uamuzi wa kiongozi huyo, na si matokeo ya mtangulizi wake? Jibu linapatikana kwa kuchukua kalenda na kuandika tarehe zinazojulikana.

Chukua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa ya Tanzania Bara waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo walipoingia ofisini walikuta mwaka wa 2024/25 umeshafika karibu katikati, na fedha zake zilikuwa zimepangwa na waliowatangulia. Miezi iliyofuata ilikuwa ya maandalizi ya bajeti ya 2025/26, pale vipaumbele vya vijiji na mitaa vinapopandishwa kwenye kata, kutoka kwenye kata hadi halmashauri, na baraza la madiwani likapitisha makisio. Kiongozi mpya mwepesi wa kujifunza anaweza kuingiza kipaumbele chake katika bajeti hiyo, na aliye mzito husubiri inayofuata. Tuchukulie ni mwepesi. Mwaka wake wa kwanza wa fedha unaanza Julai 2025 na kuisha Juni 2026. Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti yake kwa Rais mwishoni mwa Machi, nayo huwekwa mezani bungeni mwezi Aprili. Kwa hiyo taarifa ya ukaguzi ya mwaka wa kwanza ulio wake kweli itasomwa hadharani Aprili 2027, miaka miwili na miezi mitano baada ya kuchaguliwa.

Sasa ingiza urefu mbalimbali wa muhula katika kalenda hiyo. Muhula ungekuwa wa miaka mitatu, uchaguzi ungefanyika Novemba 2027, na mpiga kura angeingia kwenye chumba cha kura akiwa na mwaka mmoja tu uliokaguliwa. Kwa muhula wa miaka minne angekuwa na miaka miwili iliyokaguliwa, kwa mitano angekuwa na mitatu, na kwa sita angekuwa na minne. Mwaka mmoja hautoshi kumhukumu mtu, kwa kuwa mvua zinaweza kuharibu barabara, fedha za ruzuku zinaweza kuchelewa, au mradi unaweza kuwa umebahatika tu. Miaka miwili inaanza kuonyesha mwelekeo. Miaka mitatu inaonyesha tabia. Mwaka wa nne unaongeza kidogo sana juu ya kile ambacho mpiga kura tayari anakijua, ilhali unamwongezea kiongozi mbovu muda mwingine wa kukaa. Kwa hesabu hii, miaka minne au mitano ndiyo inayoendana na kazi ya diwani na ya mwenyekiti wa kijiji, na mimi naegemea mitano kwa sababu nyingine itakayoelezwa hapa chini.

Tahadhari moja inahitajika. Ukaguzi wa Mdhibiti unahusu hesabu za halmashauri, hauendi kijiji kwa kijiji, na kwa hiyo mwananchi wa kijijini hategemei ripoti hiyo peke yake. Anayo mapato na matumizi yanayotakiwa kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Pale mikutano hiyo inapofanyika kweli, mwananchi anapata taarifa mapema zaidi na hoja ya muhula mrefu inapungua nguvu. Pale isipofanyika, hata muhula wa miaka kumi hautamfanya ajue zaidi. Kwa hiyo kabla ya kikundi chenu kuandika idadi yoyote, ombeni mihutasari ya mikutano mikuu ya miaka miwili iliyopita kutoka kwa mtendaji na mhesabu mikutano iliyofanyika. Idadi hiyo ni ushahidi wenu wenyewe, na itawapa nguvu kuliko mfano wowote wa kutoka nje.

Kwa Kenya kalenda ni tofauti kidogo lakini matokeo yanakaribiana. Gavana aliyechaguliwa tarehe 9 Agosti 2022 alikuta bajeti ya 2022/23 imeshaanza kutumika, akapaswa kuandaa mpango jumuishi wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, na mwaka wa kwanza wa fedha ulio wake kweli ukaanza Julai 2023. Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani mwishoni mwa Desemba 2024. Hapo pia ni zaidi ya miaka miwili tangu uchaguzi.

Kalenda hiyo hiyo ikitumika kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, inatoa jibu jingine. Kazi yake haifuati mwaka wa fedha. Ni kazi ya kila siku: kuitisha kikao, kumtambulisha mkazi, kusuluhisha mpaka wa kiwanja, kutoa taarifa za ulinzi. Majirani hujua ndani ya mwaka mmoja kama anaifanya au haifanyi. Kwa msingi wa kazi peke yake, miaka mitatu ingetosha. Kinachozuia ni gharama na usumbufu: uchaguzi wa 2024 ulihusu vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 60,000, na si busara kuviitia vitongoji siku yake ya kura wakati vijiji vyake vinapiga siku nyingine. Hapa ndipo ninapoona kwamba jibu la kitongoji na mtaa haliko kwenye kufupisha muhula, bali kwenye kura ya imani katikati ya muhula, jambo tutakalolirudia.

Zipime hoja za kurefusha na za kufupisha

Hoja ya kurefusha husikika mara nyingi kutoka kwa viongozi wenyewe, na hilo peke yake si sababu ya kuikataa. Watafiti waliochunguza Bunge la Argentina walipata nafasi adimu: demokrasia iliporudi mwaka 1983, wabunge wote walichaguliwa kwa pamoja, kisha kura ya bahati ikaamua nani atakaa miaka miwili na nani minne. Kwa kuwa mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu, tofauti yoyote ya bidii ingeweza kuhusishwa na urefu wa muda. Waliopata muda mrefu walionekana kujituma zaidi katika kazi za Bunge kuliko waliopata mfupi. Ni wabunge na si madiwani, lakini mantiki inaeleweka: mtu hupanda mti anapotarajia kula matunda yake. Sweden nayo ilirefusha muhula wa mabaraza yake kutoka miaka mitatu hadi minne kuanzia uchaguzi wa 1994. Ufaransa ina miaka sita kwa madiwani wa manispaa, na Ufilipino inabaki na mitatu kwa mameya wake.

Hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi na kijiji chetu unatoka Indonesia. Januari 2023 wakuu wa vijiji waliandamana Jakarta wakidai muhula wao uongezwe kutoka miaka sita hadi tisa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2024 iliwapa minane, kwa mihula isiyozidi miwili. Mmoja wa misingi ya madai yao ulikuwa kwamba uchaguzi wa kijiji huacha uhasama kati ya ndugu na majirani, na kwamba muda mwingi wa mwanzo huishia kwenye kuuponya. Hoja hiyo ina ukweli ambao mtu yeyote aliyeishi kijijini anaujua, kwa kuwa wagombea wawili wa uenyekiti hukutana kisimani na msibani kesho yake. Lakini ukiifuata hadi mwisho, inasema kwamba uchaguzi ni ugonjwa na dawa yake ni kuupunguza. Andiko lenu linapokutana na hoja hii, lijibu kwa kupendekeza namna ya kuendesha uchaguzi kwa utulivu, wala lisikubali kwamba uhasama ni sababu ya kumwongezea muda aliyeshinda.

Swali ambalo kila pendekezo la kurefusha lazima lijibu ni nani atakayefaidika kwanza. Uganda ina fundisho zuri. Marekebisho ya Katiba yaliyopitishwa mwishoni mwa 2017, yale yaliyojulikana zaidi kwa kuondoa ukomo wa umri wa Rais, yalirefusha pia muhula wa Bunge na wa mabaraza ya serikali za mitaa kutoka miaka mitano hadi saba, na nyongeza hiyo ingewanufaisha hata waliokuwa tayari madarakani. Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale Julai 2018, ilikubali kuondolewa kwa ukomo wa umri lakini ikabatilisha urefushaji wa muhula. Kenya nako, mwaka 2024, muswada uliopelekwa na Seneta wa Nandi ulipendekeza miaka saba kwa Rais, wabunge, magavana na wawakilishi wa wadi, ukapingwa vikali na wananchi na haukupita. Iwapo kikundi chenu kinaamini kwa dhati kwamba muhula urefushwe, andikeni waziwazi kwamba nyongeza itaanza na watakaochaguliwa baada ya sheria kupita, na kwamba waliopo watamaliza muda waliopewa na wapiga kura wao. Pendekezo lisilo na sentensi hiyo halistahili kutiwa sahihi.

Hoja ya kufupisha haihitaji maneno mengi. Inasema kwamba kiongozi anayejua kura iko karibu hawi mzembe. Kalenda iliyochorwa hapo juu imeshaonyesha udhaifu wake: kura inayokuja kabla ya taarifa humhukumu kiongozi kwa maneno yake, si kwa kazi yake. Ongezeni pia kwamba mwenyekiti wa kijiji au mtaa halipwi mshahara wa mwezi kama mtumishi, anategemea posho, na kumtaka agharimie kampeni kila baada ya miaka mitatu ni kuwaachia nafasi hiyo wenye fedha.

Jambo moja linapaswa kusemwa bila kuzunguka. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijiondoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi, nyingi bila kupingwa. Mahali ambapo mpiga kura hana wa kumchagua, kubishana kama muhula uwe wa miaka minne au mitano ni kupoteza muda. Kama hali hiyo ndiyo iliyo katika eneo lenu, elekezeni nguvu kwanza kwenye kanuni za uteuzi wa wagombea, kisha muhula ufuate. Vivyo hivyo, muhula ulioandikwa bila uchaguzi kufanyika ni karatasi tupu: wenyeviti wa vijiji wa Uganda, wanaojulikana kama LC1, walichaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na hawakupigiwa kura tena hadi Julai 2018, ingawa muda wao wa kisheria ulikuwa umeisha zamani. India ilijikinga na hali hiyo kupitia marekebisho ya 73 ya Katiba yake, ambayo yanaweka muhula wa mabaraza ya vijiji kuwa miaka mitano na kuagiza kwamba uchaguzi ukamilike kabla muhula haujaisha. Kifungu cha namna hiyo kinafaa kuigwa neno kwa neno.

Ukomo na kura ya katikati

Tanzania Bara haina ukomo wa mihula kwa mwenyekiti wa kijiji, wa mtaa, wa kitongoji wala kwa diwani. Kenya inao kwa gavana, ambaye kwa Ibara ya 180 hawezi kushika nafasi hiyo zaidi ya mihula miwili, lakini haina kwa mwakilishi wa wadi. Magavana wa kwanza kufikia ukomo huo, miongoni mwao Hassan Joho wa Mombasa, Amason Kingi wa Kilifi na Salim Mvurya wa Kwale, waliondoka mwaka 2022, na kaunti zao zikaendelea na kazi chini ya watu wengine.

Ukomo una gharama yake, na andiko la haki litaitaja. Utafiti uliofanywa Brazil kwa kutumia kaguzi za manispaa zilizochaguliwa kwa bahati nasibu ulionyesha kwamba mameya walio katika muhula wao wa mwisho, wasioweza kuchaguliwa tena mara hiyo, walikuwa na ubadhirifu mkubwa kuliko wale waliokuwa bado na kura ya kuiogopa. Hii ndiyo sababu ninapendelea ukomo wa mihula miwili mfululizo, unaomruhusu mtu kurudi baada ya kukaa nje muhula mmoja, kuliko ukomo wa maisha. Katika kitongoji kidogo chenye watu wachache wanaojua kusoma hesabu na walio tayari kufanya kazi ya posho, kumfungia mtu mzoefu milele ni kujinyima. Mtu akishatoka, kitabu cha mapato kikafunguliwa na mwingine, kisha akarudi kuomba kura, wananchi watakuwa na cha kulinganisha.

Kuhusu kumwondoa kiongozi kabla ya muda, Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilipendekeza katika rasimu zake za 2013 kwamba mbunge asizidi mihula mitatu ya miaka mitano na kwamba wapiga kura waweze kumwondoa. Mapendekezo hayo hayakubaki katika Katiba Inayopendekezwa ya 2014, lakini yanafaa kufufuliwa katika ngazi ya chini ambako utekelezaji wake ni rahisi zaidi. Mkutano mkuu wa kijiji tayari upo kisheria, unawajumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na hauhitaji masanduku wala magari. Pendekezo linaweza kuwa kwamba mkutano mkuu wa kwanza baada ya mwezi wa thelathini wa muhula upige kura ya siri ya imani kwa mwenyekiti, akidi ikiwa imetimia na msimamizi akitoka nje ya kijiji hicho, na kwamba mwenyekiti asiyepata nusu ya kura zilizopigwa aondoke na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku tisini. Mwezi wa thelathini haukuchaguliwa ovyo. Kwa waliochaguliwa Novemba 2024 unaangukia Mei 2027, mara tu baada ya ripoti ya ukaguzi ya mwaka wao wa kwanza kuwekwa hadharani.

Wapo watakaosema kwamba kura hiyo itatumiwa na wapinzani wa mwenyekiti kumsumbua. Ndiyo maana inapendekezwa mara moja tu katika muhula, kwa tarehe inayojulikana, tofauti na utaratibu wa kumng'oa kiongozi wakati wowote. Kenya imeonja utaratibu huo: Gavana Martin Wambora wa Embu aliondolewa mwaka 2014, akarejeshwa na mahakama, na kaunti ikapita kipindi kirefu cha mvutano. Mike Sonko wa Nairobi aliondolewa Desemba 2020 na Kawira Mwangaza wa Meru mwaka 2024. Utaratibu wa namna hiyo unafaa kwa makosa mazito, si kwa uzembe wa kawaida.

Amueni kuhusu siku ya uchaguzi

Tanzania hupiga kura ya vijiji, vitongoji na mitaa takriban mwaka mmoja kabla ya kura ya diwani, mbunge na Rais. Kenya hupiga kura zote sita siku moja, na mwakilishi wa wadi humezwa na kelele za urais. Utaratibu wa Tanzania unamwezesha mwananchi kumfikiria mwenyekiti wake peke yake, ingawa vyama huutumia kama mazoezi ya uchaguzi mkuu. Ubaya wake ni kwamba mwenyekiti wa kijiji, ambaye huingia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, hufanya kazi mwaka mmoja na diwani anayejiandaa kuondoka au kujitetea, kisha hulazimika kuanza upya na mwingine. Mtu akipendekeza miaka minne kwa mwenyekiti na kuacha mitano kwa diwani, pengo hilo litabadilika kila uchaguzi na baada ya muda kura mbili zitaangukia mwaka mmoja. Hiyo ndiyo sababu niliyoahidi kuieleza, na ndiyo inayonifanya nibaki na miaka mitano kwa ngazi zote mbili. Kwa maoni yangu pengo la mwaka mmoja libaki.

Kuandika na kuwasilisha

Andiko lenyewe lisizidi kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ueleze cheo kinachohusika na kifungu cha sasa. Kwa Tanzania Bara, Ibara za 145 na 146 za Katiba zinaunda serikali za mitaa bila kutaja muhula, na muda huo umewekwa na sheria za Bunge na kanuni zake, hasa Sura ya 287 kwa mamlaka za wilaya, Sura ya 288 kwa mamlaka za miji, na Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 kwa uchaguzi wa madiwani. Hii ina maana kwamba mabadiliko hayahitaji theluthi mbili za kubadili Katiba, na ni jambo la kuliandika mapema kwa sababu wabunge wengi hudhani kinyume. Kenya hali ni tofauti, kwa kuwa miaka mitano ya bunge la kaunti imo katika Ibara ya 177 ya Katiba, na anayetaka kuigusa atumie haki ya kuwasilisha ombi bungeni iliyomo katika Ibara ya 119.

Kurasa mbili zinazofuata ziwe za kalenda na ushahidi wenu: tarehe za uchaguzi, mwaka wa fedha, tarehe za ripoti, na hesabu ya mikutano mikuu iliyofanyika katika eneo lenu. Mifano ya nchi nyingine isizidi miwili, na kila mmoja ujibu swali mahsusi. Ukurasa wa mwisho uwe na maneno ya kifungu kinachopendekezwa, yakiandikwa kana kwamba yanaingia kwenye sheria kesho. Kifungu hicho kiseme muhula ni miaka mingapi na unahesabiwa kuanzia kuapishwa au kutangazwa. Kiseme uchaguzi lazima ukamilike kabla muhula haujaisha. Kiseme nini kitatokea nafasi ikibaki wazi kwa kifo, kuhama au kujiuzulu, na kama anayejaza nafasi hiyo humaliza muda uliobaki au huanza upya. Na kiseme waliopo madarakani hawataongezewa wala kupunguziwa muda. Swali la anayejaza nafasi husahaulika sana, nalo lina uzito pale kunapokuwa na ukomo, kwa sababu lazima ijulikane kama miezi minane aliyokaa mtu inahesabiwa kuwa muhula. Njia rahisi ni kusema kwamba muda unaozidi nusu ya muhula unahesabiwa kuwa muhula kamili.

Andiko likikamilika, lipitisheni kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa na mhakikishe kwamba limeingia kwenye muhtasari pamoja na idadi ya waliohudhuria na waliounga mkono. Kisha mpelekeeni diwani nakala ili aliwasilishe kwenye baraza la madiwani, mbunge wa jimbo, Ofisi ya Rais TAMISEMI, na Kamati ya Kudumu ya Bunge inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ambayo hupokea maoni ya wadau muswada unaohusika unapokuwa mbele yake. Kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, na mtu mmoja katika kikundi apewe jukumu la kuzitunza na kuulizia majibu kila robo mwaka, sambamba na mkutano mkuu.